Kicheko cha Malkia wa Ukungu

Krismasi ya mwaka wa hamsini na tano, kanisa dogo la Uthiru lilikosa mtu wa kuigiza Mfalme Herode katika mchezo wa Kuzaliwa. Wanaume wengi walikuwa wamechukuliwa na serikali kupelekwa kambi za kizuizini, na waliobaki walikuwa wazee wa kukohoa, au walinzi wa kijiji ambao hakuna aliyetaka kuwaongezea ufalme juu ya ule waliokuwa nao. Ndipo Wanjira wa Gichuru aliposimama katikati ya mkutano wa akina mama akasema, "Nipeni mimi hilo taji."

Alikuwa na miaka arobaini na miwili, mrefu, mkavu wa mwili, na Mungu hakuwa amemjalia mtoto. Mumewe, Gichuru, alikuwa kambini kaskazini mwaka wa pili sasa, na barua zake zilifika zikiwa zimefutwa nusu nzima kwa wino mweusi wa wakaguzi. Tangu watu wahamishwe kutoka mashambani na kurundikwa katika kijiji kipya chenye handaki na geti, Wanjira aliweza kumaliza siku mbili bila kuongea na mtu yeyote ila askari wa getini, ambaye, akitaka kibali cha kutoka, neno lake lilikuwa moja tu: "Pasi."

Lakini siku ile ya mchezo alitembea kanisani polepole, akiburuta mguu wa kushoto kidogo, akageuza shingo kwanza na macho baadaye, kisha akacheka. Kilikuwa kicheko cha chini, cha mtu anayejua jambo lako ambalo wewe hujalijua. Watoto wa safu ya mbele walikimbilia mapajani mwa mama zao.

Mlangoni alikuwa amesimama Muchiri, dereva na mkalimani wa kampuni moja ya picha za sinema iliyokodi ghala kule Ngara. Wazungu wake walikuwa wanatengeneza picha tatu za Kiswahili zenye kufuatana, juu ya nchi iliyo chini ya mlima, ambako Malkia wa Ukungu huiba sauti za watu na kuzifungia vibuyuni. Ibada ilipoisha Muchiri alimfuata Wanjira nje.

"Mama, umejifunza wapi kucheka vile?"

"Sijajifunza. Kilikuwa ndani tu."

Muchiri akamwalika Ngara, ambako Malkia wa Ukungu alikuwa bado anatafutwa. Wiki ya pili ya Januari Wanjira aliomba pasi ya kwenda mjini, akafika Ngara na viatu vyake mkononi ili visichakae kwa vumbi la barabara. Ghalani walikuwamo wanawake kumi na wanane. Bwana wa picha, Mzungu mfupi aliyekuwa akitafuna njiti ya kiberiti, aliwatazama wakitembea mmoja mmoja. Jioni walibaki wawili: Wanjira na msichana mmoja kutoka Bungoma, Naliaka, aliyepanga chumba Kabiria na kufanya kazi ya kufua nguo katika nyumba za Wazungu.

"Mama, cheka tena," Bwana alisema kwa Kiswahili chake cha shambani. Wanjira akacheka. Bwana akaitoa ile njiti mdomoni.

"Basi. Huyu ndiye."

Naliaka alikuwa wa kwanza kumpa mkono. "Hongera, mama," akasema, na ilionekana anasema kweli, ingawa macho yalimjaa machozi.

Zilifuata wiki tano ambazo Wanjira alizikumbuka baadaye kama mtu anavyokumbuka chakula kizuri. Alisema maneno ya Malkia akipalilia, akayasema akichota maji. Nyumbani mwake alijizoeza kile kicheko mpaka jirani akamletea majani ya kutuliza kichwa, akaondoka upesi bila kukaa. Wanjira hakujali. Aliandika kwa Gichuru: "Nimepata kazi ya kuwa malkia. Ukitoka utanikuta kwenye kitambaa cheupe cha sinema, mkubwa kama nyumba." Hakujua kama maneno hayo yangepita wino mweusi.

Picha ingeanza kupigwa Naivasha, na lori lingeondoka Ngara Jumatatu asubuhi. Kwa mtu wa Kiambu, kuvuka kwenda Bonde la Ufa siku zile kulihitaji pasi ya namna yake, ambayo mtu wa Bungoma hakuulizwa. Wanjira aliiomba mapema. Karani akamwambia arudi kesho. Kesho yake akamwambia bwana mwenye kutia sahihi amekwenda safari. Muchiri naye alikuja na barua ya kampuni, karani akaiweka chini ya nyingine. Jumatatu Wanjira alikaa kwenye benchi la ofisi tangu mlango ufunguliwe hadi ufungwe, kifurushi cha nguo miguuni, na lori likaondoka.

Pasi ilitoka Alhamisi. Siku ya Ijumaa Muchiri alirudi mjini kuchukua mafuta, akapitia Uthiru. Alimkuta Wanjira ameketi mlangoni amevaa viatu, pasi mkononi.

"Mama," alisema, akabaki amesimama na kofia yake mkononi. "Bwana alingoja siku mbili. Jumatano akamvika Naliaka lile vazi."

"Basi nitamsubiri amalize kipande chake. Mimi nitacheza picha inayofuata."

Muchiri aliinama. "Haiwezekani, mama. Picha ni tatu lakini hadithi ni moja. Malkia hawezi kuwa na sura hii leo na nyingine mwakani. Yule aliyeingia ya kwanza ndiye wa zote."

Wanjira alivua viatu, akavipangusa, akaviweka ndani. Alipotoka tena alimwuliza Muchiri kama atakunywa maji.

Zikapita wiki tatu, kampuni ikarudi Ngara. Jumamosi moja saa nane, mtu alibisha hodi, na Wanjira alipofungua alimwona Naliaka, aliyeelekezwa na Muchiri, ameshika mkate umefungwa gazetini.

"Sikukunyang'anya, mama. Waliniita tu, nikavalishwa."

"Najua. Umefuata nini?"

Msichana akaanza kulia palepale. "Kila siku Bwana ananiambia, fanya kama yule mama. Tembea kama yule mama. Nikicheka anaziba masikio. Amesema kama mwezi huu sijaweza atatafuta mwingine asiyehitaji pasi, aanze upya. Mimi yule mama nilimwona siku moja tu, nitamkumbuka vipi?"

Wanjira angeweza kufunga mlango saa ile, na hakuna mtu angemlaumu. Lakini nyumba ilikuwa kimya nyuma yake, na huyu alikuwa mtu wa kwanza kubisha hodi pale tangu mwezi ule kuanza.

"Ingia," akasema. "Weka mkate mezani. Haya, tembea nikuone. Hapana, usiburute mguu kama umeumia. Uburute kama una watumwa wa kuubeba."

Tangu siku hiyo Naliaka alikuja kila Jumamosi. Walisogeza meza ukutani na kutembea chumba kizima, malkia wawili katika nyumba ya udongo, wakigongana na vyungu. Naliaka alisimulia habari za kwao, za mama yake mwenye ugonjwa wa miguu, za Bwana na njiti zake. Wanjira alimsuka nywele. Walipocheka pamoja, jirani hakuleta tena dawa. Alifunga dirisha lake tu. Saa kumi na moja Naliaka aliondoka kabla geti halijafungwa, na Wanjira akaanza kuhesabu siku mpaka Jumamosi.

Picha ya kwanza ililetwa na gari la sinema, ikaonyeshwa kwenye uwanja wa Uthiru mbele ya kijiji kizima. Malkia alipogeuza shingo kabla ya macho, Wanjira alihisi shingo yake mwenyewe ikiuma. Malkia alipocheka, watu wakapiga kelele. Wanjira alimgeukia mama aliyekaa kando yake. "Kile kicheko ni changu," akasema. Yule mama alitabasamu vile mtu anavyomtabasamia mgonjwa, akamvuta mwanawe karibu.

Mwaka uliofuata, wakati wa picha ya pili, Naliaka alikuja Jumamosi sita tu. Alikuwa amenunua koti, na alijua kutembea. Mara nyingine ni yeye aliyesema, "Mama, hapa nadhani Malkia angesimama tu," na Wanjira, akijaribu, aliona kwamba ni kweli. Kwa picha ya tatu hakuja kabisa.

Wanjira aliiona hiyo ya tatu mwaka wa hamsini na nane, mchana, katika ukumbi mmoja wa Ngara. Alikaa pembeni peke yake, kwa kuwa Gichuru alikuwa bado kambini. Malkia alipoingia hakuburuta mguu. Alitembea wima, mwepesi. Na alipofika mahali pa kucheka, alifungua mdomo, akanyamaza, akaacha macho yafanye kazi. Ukumbi mzima ulizuia pumzi. Ilikuwa vizuri kuliko kicheko. Wanjira aliona hivyo, na hakuna aliyemlazimisha. Alitafuta katika uso ule mkubwa kitu chochote alichokuwa amekitia yeye, akatazama mpaka taa zikawashwa, asikione.

Hakurudi nyumbani moja kwa moja. Aliteremka Kabiria, akauliza mpaka akaonyeshwa chumba. Aliyefungua alikuwa mwanamke mnene, mikono yake ikiwa na unga.

"Naliaka? Alihama baada ya Pasaka. Alienda kumwuguza mama yake. Mimi naitwa Ajwang, nimekaa hapa tangu hapo. Wewe ni nani yake?"

Wanjira hakuwa ndugu yake, wala jirani, wala mtu wa kanisa moja.

"Nilimfundisha kutembea," akasema.

"Kumbe!" Ajwang akapanguza kiti kwa aproni. "Sikujua alikuwa na mama wa huku pia. Kaa, mzazi, chai iko jikoni."

Wanjira alikaa. Alikunywa chai ile hadi chini, akaulizwa kama Naliaka alikuwa mtoto msumbufu, akajibu kwamba hapana, alikuwa msikivu sana, ila alipenda kulia. Kisha jua likaanza kushuka upande wa Dagoretti, akashukuru, akashika njia ya kwenda Uthiru.