Sweta ya Mikono Mirefu

Baridi ya Sumbawanga mwezi wa saba haina adabu, inaingia bila hodi. Ndiyo maana Josefina alimfumia mchumba wake, Ignasi, sweta nene yenye mikono iliyofika mpaka viganjani. Ignasi aliivaa kila siku kazini, kwenye mashine ya kusaga pale Milanzi. Asubuhi moja mkanda wa mashine ukaudaka mkono wa sweta, ukauvuta pamoja na mkono wa mwenyewe. Vidole vya kulia vikaenda, likabaki dole gumba.

Kinga ya mkanda ilikuwa imeng'olewa zamani, na tajiri mwenye mashine hakuona haja ya kuirudisha. Mwenye akili angeanza kulaumu hapo. Josefina alilaumu sweta. Alimuuguza Ignasi, akamlisha ugali tonge kwa tonge, na Ignasi hakuwahi kuitaja sweta ile hata mara moja. Kimya hicho kilimtafuna Josefina. Aliamini uchumba umekwisha, ila mwenzake hajapata pa kuanzia kusema.

Ilipofika siku waliyopanga kabla ya ajali, ya kwenda kijijini Mwazye kujitambulisha kwa mama yake Josefina, Ignasi alisita njiani.

"Mkwe husalimiwa kwa makofi," alisema. "Mimi nitapiga na nini?"

"Twende tu," Josefina akajibu, ingawa naye hakujua.

Mama aliwasubiri uani, kwenye kigoda. Ignasi akachuchumaa, kama Mfipa yeyote aliyelelewa, akainua mikono. Kidonda ndiyo kwanza kilikuwa kimefunga, hakivumilii kuguswa. Mikono ikabaki hewani. Josefina alimwonea huruma kuliko hata siku ile ya hospitali. Akapiga magoti kando yake, akaweka kiganja chake mbele ya mkono mzima wa Ignasi. Ignasi akakitazama, akakipiga taratibu. Akapiga tena. Mlio ukatoka, mzito kidogo, lakini makofi ni makofi.

Mama naye akapiga ya kwake. "Nimesikia, mkwe wangu," alisema. "Karibuni ndani, huu upepo si wa kukaa nje."

Ignasi hakuuachia mkono wa Josefina.

"Jose," alisema kwa sauti ya chini, "baridi kweli ipo. Nifumie sweta nyingine."

Machozi yakamtoka Josefina palepale, mbele ya mama yake.

"Mikono je?" aliuliza.

"Iishie kwenye kiwiko. Na usilie, mama atadhani nimekuumiza."