Kizibao Kisichafuke

Asubuhi hiyo ya ukungu na baridi ya kung'ata mifupa, mama mshika bendera kwenye ujenzi wa barabara alivaa sweta, kizibao kipya cha reflekta, kisha koti jeusi juu ya vyote. Msimamizi alikuwa ameamuru vizibao vikae ndani ya makoti, visichafuke kabla ya wakubwa kuja kukagua.

"Bosi, dereva ataniona kwa macho gani?"

"Mama, joto umepata, sasa unataka na urembo?"

Mara lori la kokoto likarudi nyuma, likiwaelekea wote wawili. Mama akalifungua koti kwa nguvu, vifungo vikaruka, kizibao kikawaka kwenye taa za lori. Lori likasimama hatua moja tu kutoka kwao, likawarushia tope.

"Ona! Kimechafuka!" msimamizi akafoka.

Mama akakivaa kizibao juu ya koti.

"Hiki kitafulika, bosi. Wewe usingefulika."