Kabureta Ilifunguliwa Mara Tatu

Mimi ni mtu wa hasira, na hasira zangu kubwa ni kwa waongo. Mwulize yeyote pale mwaloni Mugango, mitumbwi inapoegeshwa. Mwaka huu tu nimemwachisha kazi mvuvi wangu mmoja kwa sababu alisema wavu ulichanwa na kiboko, kumbe alisinzia mtumbwi ukauburuza kwenye mawe. Nilimfokea mpaka akina mama waliokuwa wanaanika dagaa wakaniambia, Magesa, inatosha. Siku hizi nikipishana na yule mtu njiani nainamisha kichwa.

Mdogo wangu Tabitha aliolewa Bunda na marehemu Burito, wakaenda kujenga Butiama. Burito alifariki mwaka jana, pamba ikiwa bado shambani. Aliacha nyumba ya vyumba viwili, binti mmoja, Lilian, na pikipiki moja kuukuu ambayo zamani ilikuwaga nyekundu. Pikipiki hiyo ndiyo inayompeleka Tabitha minadani na magunia yake ya dagaa. Bila hiyo anabaki na kichwa chake na shingo yake.

Sasa wakweze wana taratibu zao. Vyombo vya kazi vya marehemu, kuanzia panga mpaka plau ya ng'ombe, vinakaa kwa mjane mwaka mmoja, halafu ukoo unakutana na kuamua nani avishike. Luhende, mdogo wake Burito, alikuwa ameitolea macho ile pikipiki tangu siku ya maziko. Mzee Baltazari, baba mkwe, si mtu mbaya. Alisema hatagawa kitu cha mwanawe kwa upendeleo. Jumamosi saa sita mchana kikao kingekuwa kwake Manyamanyama, huko Bunda, na Tabitha aje na pikipiki. Ikiingia uani inaunguruma na yeye yuko juu yake, ni ya kwake moja kwa moja. Ikiingia inasukumwa, Luhende ataishika, kwa sababu mzee hataki kuona kitu cha Burito kinaozea kwa mtu asiyejua kukitunza.

Tabitha hakulalamika. Alinunua daftari la kurasa arobaini na nane, akaanza kujifunza. Kuendesha alikuwa ameshajua. Kutengeneza alianza na sifuri kabisa. Aliangalia video kwenye simu, akawa anachora kila kitu anachofungua kabla hajakifungua. Daftari lina picha ya plagi inayofanana na kibiriti cha gesi na picha ya kabureta inayofanana na kuku aliyenyonyolewa. Nilimcheka sana kwa yule kuku. Lakini alichoandika chini yake kilikuwa sahihi: kwanza angalia kama mafuta yanafika, pili angalia kama cheche ipo, tatu angalia hewa, usiruke hatua.

Mimi nilikuja Butiama Alhamisi, kwa sababu mwanamke haendi kwenye kikao kama hicho bila mtu wa kwao wa kumsemea, na baba yetu hayupo. Nikasahau koti. Mtu wa kusema mbele ya wazee hawezi kwenda na fulana ya mpira. Ijumaa asubuhi Tabitha akanipa pikipiki niende Mugango kulifuata. Alichovya kijiti kwenye tenki mbele yangu, akakiwekea alama kwa kisu, akasema mafuta yaliyomo yananitosha kwenda na kurudi na yatabaki ya Bunda, nisizunguke.

Nilizunguka. Nilienda Musoma, Kigera, kwa mwanamke anayeitwa Lucy, ambaye hata hakuwa ameniita. Nilitaka anione nimekaa juu ya chombo. Nikampakia, tukazunguka, tukaenda kula samaki, nikamrudisha. Nilipofika Mugango tenki lilikuwa limebaki na kilio tu. Na pale nyumbani kwangu palikuwa na dumu la petroli ya mtumbwi.

Asiyekaa ziwani nimweleze. Mashine yangu ya mtumbwi haina mahali pake pa kuweka oili, kwa hiyo tunachanganyaga oili humo humo ndani ya petroli. Tena yangu imezeeka, naikorogea oili nyingi. Mafuta hayo ukiyaweka kwenye pikipiki kama ya Tabitha inatoa moshi mweupe, halafu oili inaigandia plagi mpaka cheche inakufa. Haya yote nayajua. Ni kazi yangu ya miaka kumi na nane. Nikajiambia itavuta tu, nikamimina kwa kukisia, mpaka kupita kidogo usawa wa ile alama ya kijiti, nikavaa koti langu, nikaondoka.

Ilitoa moshi njia nzima. Nilifika Butiama jioni, nikaiegesha, nikala ugali wa mdogo wangu, nikalala.

Jumamosi asubuhi saa moja Tabitha alipiga kiki ya kwanza. Hakuna. Akapiga kama ishirini, anabadilisha mguu. Hakuna. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda na chai mkononi.

Alifungua daftari lake. Hakuhamaki, na hilo ndilo lililoniumiza. Alichomoa mpira wa mafuta, akaona yanatiririka. Akafungua plagi kwa spana yake, nayo ikatoka nyeusi na mbichi. Akailaza juu ya injini, akapiga kiki kwa mkono, tukaona cheche moja dhaifu, ya njano. Akaisugua na msasa, akaichoma kwenye jiko la mkaa, akairudisha. Injini ikakohoa mara mbili ikazima.

"Ni mimi," akasema. "Wiki iliyopita nilizungusha skrubu ya hewa. Nimeiharibu mimi mwenyewe."

Akaingia kwenye kabureta. Alikunjua kanga chini, akapanga skrubu kwa mstari kama alivyozichora, akamwaga petroli iliyokuwa kwenye kikombe cha kabureta ndani ya bakuli. Nikamwona amechovya vidole, anavisugua. Petroli safi inakauka vidoleni ukipuliza mara moja. Yeye aliendelea kusugua. Akanusa. Sisi wote wawili tumekulia Mugango, tumelala tukiwa watoto pembeni ya madumu ya baba. Alinusa kwa muda, kisha akafuta mkono kwenye kanga.

Aliniuliza bila kuinua uso, "Kaka, jana uliongeza mafuta?"

"Hapana," nikasema.

Nilisema hapana kwa sauti ya mtu anayeonewa, na nilikuwa hata na hasira kidogo, eti kwa nini ananiuliza.

Akasema sawa. Akaifunga kabureta, akajaribu, haikuwaka. Akaifungua tena. Safari hii aliniomba nikae karibu nimshikie skrubu, na akawa anaongea polepole, nusu na mimi nusu na pikipiki: hewa ipo, kitundu cha jeti kimezibuka, sasa tatizo litakuwa wapi. Nikashika zile skrubu nne kiganjani. Akaifunga, akaifungua mara ya tatu. Jua lilikuwa limeshapanda, Lilian alikuwa ameshavaa gauni la kwendea kwa babu yake na ameshakalia ngazi, na mimi nikawa najipa muda: akimaliza hii nitamwambia. Akamaliza. Nikanywa chai iliyopoa.

Mwishowe akainuka, akasema atabadilisha mafuta tu, ajaribu bahati. Akamwaga tenki lote kwenye ndoo, akaenda kwa jirani kununua petroli ya chupa, akasuuza, akajaza, akaichoma plagi mara nyingine. Kiki ya tatu ikawaka. Lilian alipiga makofi. Tabitha hakucheka. Aliniangalia tu, akaniambia nipande.

Hapa ndipo panaponinyima usingizi kuliko ile hapana. Njia ya kutoka kwake inapita mbele ya duka la vipuri, na lilikuwa wazi. Plagi iliyokwisha kunyweshwa oili namna ile haiaminiki tena, hata uisugue vipi. Sisi mtumbwini tunabebaga ya akiba kwa sababu hiyo hiyo. Mtu anayejifunza hajui, mimi najua. Nilitakiwa kumwambia neno moja, simama, tununue plagi. Lakini angeuliza nimejuaje. Tukapita duka lile nimemshika Lilian katikati yetu, naangalia upande wa pili wa barabara.

Ilianza kukata kabla hatujaiona Bunda. Ikawa inavuta, inakata, inavuta. Tulipoingia Manyamanyama ilizima kabisa, nyumba ya Mzee Baltazari ikiwa inaonekana. Tabitha alipiga kiki mpaka kiatu kikamvuka. Halafu akashika usukani, mimi nikasukuma nyuma, na tukaingia uani hivyo, mbele ya watu wote wa ukoo, kimya isipokuwa mlio wa cheni.

Walitupokea vizuri, tukapewa maji na viti. Mzee aliinama akaitazama pikipiki kwa muda mrefu, akaligusa tenki. Nadhani na yeye alitamani iwe imewaka. Kisha akamwuliza Tabitha, kwa upole kabisa, imekuwaje.

Tabitha akasema plagi imejaa oili, kwa sababu tenki lilikuwa na mafuta ya mtumbwi, yaliyochanganywa.

"Nani aliyeyaweka?"

Hakunigeukia. Nitasema hilo mpaka ninakufa: hakunigeukia hata kwa pembe ya jicho. Akanipa nafasi, na ile nafasi ilikuwa ndefu. Nilikuwa nimevaa koti langu. Nilikuwa mtu wa kwao, nimekuja kumsemea. Nikafikiri, nikisema sasa hivi nitakaaje hapa, nitaheshimiwaje, si watasema hata msemaji wao ni mtu wa hovyo. Nikawa natazama vifungo vya koti.

"Ni mimi, baba," Tabitha akasema. "Nilikosea."

Luhende akacheka kidogo, si kwa ubaya. Wazee wakanong'onezana. Mzee Baltazari akasema inamuuma, ila mtu asiyetofautisha petroli ya mtumbwi na ya pikipiki ataiua injini kabla ya masika. Neno lake alishalisema na hawezi kulirudisha. Luhende ataishika.

Hapo ndipo nilipoinuka. Niliwaambia ni mimi, nikawaeleza Kigera, nikamtaja Lucy, nikataja dumu na alama ya kijiti. Nilisema yote, mpaka ya duka la vipuri. Nilipomaliza, uso wangu ulikuwa umelowa, na nikasubiri wanitukane.

Mzee Baltazari alikuja akanishika bega.

"Magesa," akasema, "ungekuwa umesema nilipouliza, ningekuamini. Sasa nimeshaamua ndiyo unakuja na hadithi ya kujichafua ili dada yako apate. Kaa, baba. Kila mtu hapa angependa kuwa na kaka kama wewe."

Wazee wakaitikia. Mama mmoja akaniletea kitambaa nijifute. Nikaapa kwa jina la mama yangu, nao wakazidi kunisifu. Chakula kilipokuja niliwekewa kiti mbele, nikapewa nyama ya mgongo, na mtu akawaambia vijana wanitazame, waone namna ya kumsimamia dada. Niliitafuna ile nyama. Tabitha alikuwa upande wa wanawake, anamkunjia Lilian mikono ya gauni anawe. Hakuna aliyemsifu kwa chochote.

Kabla hatujaondoka alimpa Luhende ufunguo na daftari. Akamwonyesha ukurasa wenye ile picha ya kuku, akamweleza kwamba skrubu ya hewa isikazwe sana, na kwamba plagi inunuliwe mpya. Luhende alipokea kwa mikono miwili. Spana peke yake ndiyo aliyobaki nayo Tabitha, kwa sababu spana aliinunua yeye mwenyewe.

Tulisubiri gari la Butiama pembeni ya barabara, Lilian amelala mgongoni mwangu. Nikamwomba mdogo wangu msamaha. Nilisema maneno mengi, mengine mara mbili. Yeye alikuwa anaipangusa ile spana na ncha ya kanga, taratibu, kama mtu aliye peke yake.

"Nilijua umeongeza mafuta tangu nilipochovya kijiti leo asubuhi, wewe ukiwa bado umelala," akasema. "Uliondoka na mafuta kwenye alama, ukarudi na mafuta kwenye alama. Vidole ndivyo vilivyoniambia ni mafuta gani."

Nikamwuliza kwa nini basi alihangaika kuifungua kabureta mara tatu.

"Ya kwanza nilikuwa natafuta ugonjwa wa pikipiki," akasema. "Hizo mbili nilikuwa nakusubiri wewe."

Gari likaja. Akampokea Lilian, akapanda mbele, na mimi nikaenda kukaa nyuma na koti langu.