Vijumba Vinne Vitupu

Ukutani, katika chumba cha nyuma cha nyumba ile ya Gikondo, mtaa wa Kigali, kulikuwa na fumbo la maneno, nalo lilimkamata Frederick kama harufu ya chakula inavyomkamata mtu aliyefunga. Halikuwa fumbo la gazeti. Mtu alichukua penseli ya seremala na rula, akachora miraba juu ya chokaa nyeupe, mingine akaitia weusi, kisha pembeni akaandika vidokezo kwa Kiswahili, herufi zimenyooka kama za kwenye bango la duka. Vidokezo vyenyewe vilikuwa vya kijanja, hakuna hata kimoja kilichotaja kitu kwa jina lake. Mtu mwingine, kwa mwandiko wa mviringo, alikuwa amejaza karibu yote, akabakiza maneno matatu.

Frederick alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Karagwe, Tanzania, alikokulia tangu wazazi wake walipoikimbia Rwanda naye akiwa bado anabebwa mgongoni. Vita vilipokwisha mwezi wa saba, mwaka ule wa 1994, yeye na mkewe Kellen waliingia Kigali, mji waliokuwa wakiusikia tu, wakaikuta nyumba hii wazi, mlango unapigwapigwa na upepo. Kellen akafagia vioo vilivyovunjika, Frederick akaziba tundu kwenye paa, na juu ya geti akaandika jina lake kwa chaki, kama walivyofanya wengi waliorudi. Watoto walibaki Karagwe kwa bibi yao, wakisubiri kuambiwa kwamba nyumba imepatikana kweli.

Hapo kwenye "kweli" ndipo palipomkereketa. Nyumba ilikuwa ya nani? Majirani waliosalia walikuwa wachache, na hawakupenda kuulizwa. Basi Frederick, mtu mzima na akili zake timamu, akajiwekea agano la kitoto: nikilimaliza fumbo hili nyumba ni yangu, nami nitawaita watoto. Usimcheke. Mwaka ule kila mtu alikuwa ameshika kitu fulani kisichoshikika, akakiegemea.

Asubuhi alikwenda mtaa wa Muhima kutafuta kazi. Mchana alirudi, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa mbele ya ukuta, na jua la kiangazi likaingia dirishani pamoja na vumbi jekundu mpaka chumba chote kikawa rangi ya chai. Miraba ile aliiita vijumba. Mara nyingine usingizi ulimchukua hapo hapo, akajiona anatembea ndani yake, kijumba hadi kijumba, kila kimoja na mlango wake, na kila mlango ukifunguka kimya kumpisha. Alisikia watu wakicheka chumba cha mbele, lakini kila alipofika walikuwa wamehamia cha pili yake. Aliamka ana furaha, kisha akaona aibu kwa furaha ile.

Neno la kwanza alilipata njiani. Kidokezo kilisema: "Hulala chali mchana kutwa, na jioni hulipwa." Siku nzima alikuwa amemfikiria mfalme, mgonjwa, hata maiti. Halafu akipita penye gereji akaona miguu miwili imechomoza chini ya lori, ikitikisika kwa raha, akasimama pale barabarani akacheka peke yake. Fundi! La pili alilipata Kellen akimenya viazi, bila hata kugeuka.

Likabaki moja, vijumba vinne, herufi ya mwisho A. Kidokezo: "Mgeni wetu wa kwanza. Hakubisha hodi, hakula, akatuacha tunacheka."

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulifumbua. Basi Frederick alijiona mjinga wiki baada ya wiki. Alifikiria kifo, A ikamkatalia. Alifikiria vita, lakini vita hula. Njaa ilitosha vizuri, haibishi hodi na yenyewe haili, ila nani amewahi kuachwa na njaa akicheka? Kila jibu lililomjia lilikuwa bovu la mwaka mbovu. Na siku nyingine, akitazama maneno "hakubisha hodi", alihisi ukuta unamtazama yeye.

Kellen alimwambia ashindwe tu, atoe mji, yaishe. Maana wote wawili walikulia kwenye vitendawili vya Kiswahili, na huko anayeshindwa hutoa mji. Aliyetega anaupokea, anautembelea kwa maneno, kisha ndipo anatoa jibu. Kwao kulikuwa na sharti moja zaidi. Marehemu baba yake Frederick aliwaruhusu watoto watoe mji wowote, Tabora, Bukoba, hata Daresalaam yenyewe, lakini si Kigali. Mji ambao hujaurudia, alisema, huna ruhusa ya kuutoa. Kaka yake Benon aliwahi kuutoa kwa utani, akalala bila kula.

Siku moja mawingu yalianza kujikusanya juu ya mlima, ya kwanza tangu kiangazi kianze. Barua ya mama yake kutoka Karagwe ilikuwa imefika: watoto wanauliza. Frederick akachoka na uaminifu wake mwenyewe. Akashika penseli, akaamua kuandika NJAA, liwalo na liwe, nani atajua? Alikuwa amechora mguu mmoja wa N aliposikia mtu anabisha hodi getini.

Kellen alimleta ndani mwanamke mwembamba, kitambaa kichwani, mkono mmoja umefungwa bendeji. Hakutazama viti wala vyombo. Alipita moja kwa moja kama mtu anayejua vizingiti, akasimama mlangoni pa chumba cha nyuma.

"Ile neno usiandike," alisema taratibu. "Iko yangu."

Jina lake lilikuwa Pudentienne. Yeye na mumewe Silvère, mchora mabango, walikulia Bujumbura katika mtaa wa Waswahili, wakaja kuoana Kigali. Kila mwaka, siku ya arusi yao, Silvère alimchorea mkewe fumbo ukutani, na mwaka uliofuata akalipaka chokaa na kuchora jingine. Silvère aliuawa mwezi wa nne kwenye kizuizi cha barabarani. Pudentienne mwenyewe alikuwa hospitali ya mbali mpaka juzi.

"Jibu nilijua siku ile ile," alisema. "Zile mbili zilinishinda, lakini hii niliacha makusudi. Kila mwaka ninaacha moja, akae ananibembeleza."

Frederick alitazama maneno mawili aliyoyajaza, vile alivyojivunia, akatamani ukuta ummeze. Aliwaona watoto wake na mabegi yao tayari. Angeweza kusema mengi: jina liko getini, paa nimeziba mimi. Aliuona kila mlango wa ndoto yake ukifungwa, mmoja mmoja, bila hasira.

Akamnyooshea penseli kwa mikono miwili.

"Nimeshindwa, mama," alisema. "Nakupa mji."

"Mji gani?"

"Kigali."

Kellen alijifunika mdomo kwa kanga. Pudentienne, kwa kuwa naye alilelewa na vitendawili hivyo hivyo, akaupokea mji kama unavyopokewa.

"Nimeenda Kigali," alisema. "Nimefika Gikondo. Nimekuta nyumba imefagiwa na paa imezibwa. Nimekuta watu, hawakunifukuza." Akafuta kwa kidole ule mguu wa N, akaandika herufi zake za mviringo. MVUA. "Tulihamia hapa paa haijaisha. Usiku wa kwanza ikaingia yote, mpaka kitandani. Tulicheka mpaka asubuhi."

Kellen akaenda kukusanya vitu vyao. Pudentienne alimwambia asiharakishe, chumba kile kingine kiko, wakae mpaka wapate kwao. Matone ya kwanza yakaanza kugonga bati, na mara mvua ikamwagika.

Frederick alichukua kitambaa chenye maji, akatoka kwenda kufuta jina lake. Alipofika getini alikuta mvua imekwisha kulifuta, chaki yote imeteremka chini na kuacha mstari mweupe matopeni. Alisimama pale, kitambaa mkononi, maji yakimwingia shingoni, na kicheko kikampanda asijue kimetoka wapi. Kule ndani, chumba cha nyuma, alisikia wanawake wawili nao wanacheka.