Kuinuka Ndiyo Ngoma

Kukaa chini si kazi, hata gunia la chumvi hukaa. Kazi ni kuinuka. Bibi Vifungo, fundi cherehani wa miaka mingi, aliyajua hayo siku kifungo cha shati la mteja kilipomponyoka kikabingirika hadi chini ya cherehani. Alikifuata, akaketi sakafuni, akakipata. Akataka kusimama. Miguu ikamwambia: leo tumefunga duka.

Mchana binti yake, karani wa ofisi ya bima, alimkuta palepale, kifungo mkononi, anajiimbia.

"Mama! Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimekaa."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu chai."

Binti alimwinua huku analia. Machozi hayajakauka, akatoa hukumu: mkataba wa chumba hiki cha kupanga ukiisha, mama anahamia kwake, ghorofa ya nne, mahali ambapo cherehani haina hata pa kuegemea.

"Nikae huko nikifanya nini, mwanangu? Nisikilize bomba likivuja?"

"Upumzike, mama."

"Sijachoka, nipumzike nini? Haya, tuwekeane sharti. Siku ya kuisha mkataba nitakaa hapahapa sakafuni. Nikiinuka bila kushikwa, nabaki na cherehani yangu. Nikishindwa, nibebe kama mzigo, sitasema neno."

Binti alikubali, lakini kwa uso wa mtu aliyekwishapanga mahali pa kuweka kitanda.

Kesho yake Bibi Vifungo alikwenda kliniki kwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, msichana mchangamfu mwenye viatu vya raba. Akamweleza yote. Mwaka uliopita daktari alimshauri apunguze mwili kidogo, magoti yapate nafuu. Yeye "kidogo" hakuisikia. Alishindia chai kavu na nyanya, akapungua hadi majirani wakamwita kigori, naye akayapunguza magauni yake kwa mkono wake mwenyewe, anajiona.

"Bibi," mwalimu akasema, "mafuta yalipoondoka, na nyama ya miguu ikafuata. Mzani ulifurahi, magoti yakafiwa."

Bibi akacheka. "Basi kitendawili!"

"Tega!"

"Mgeni wangu akiondoka haagi, akirudi mpaka abembelezwe."

Mwalimu akafikiri, kisha akajipiga paja. "Nguvu!"

"Umepata. Haya, nifundishe kumbembeleza."

Kubembeleza kwenyewe kulikuwa hivi: kuinuka kitini bila kushika popote, taratibu, na kurudi kukaa bila kujibwaga. Kusimama kwa ncha za vidole huku ameshika meza ya cherehani. Na kwa kuwa hakuwa na vyuma vya mazoezi, akanyanyua pasi yake ya mkaa, mkono huu, kisha huu. Chakula nacho kikarudi: yai, maharage, maziwa. Sukari peke yake ndiyo iliyobaki nje ya mlango.

Wateja hawakumwacha. "Bibi, unajiandaa kupigana na nani?"

"Na binti yangu," akawajibu. "Lete suruali yako."

Siku moja alipanda mzani wa kliniki, akashuka amenyong'onyea. Uzito ulikuwa umepanda kidogo. "Ndiyo narudi nilikotoka!"

"Futi yako ya kupimia unayo?" mwalimu akamuuliza.

Fundi gani anatoka bila futi? Akaivua shingoni. Wakapima kiuno: palepale. Wakapima paja: limeongezeka. Bibi akapima tena mwenyewe, maana kipimo cha mtu mwingine fundi hakiamini. Paja halikubadili maneno. Alirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyelipwa.

Siku ya mkataba ikafika. Binti akaja moja kwa moja kutoka kazini, sketi ya kubana, uso wa hakimu. Bibi Vifungo akaketi sakafuni kando ya cherehani. Binti naye, kwa kuogopa mama asije akaanguka, akaketi ubavuni pake.

Bibi akageuka, akapiga magoti. Akatanguliza mguu mmoja. Mkono juu ya paja, akasukuma. Goti la kushoto likagoma. Mkono wa binti ukanyooka.

"Usiniguse!"

Akavuta pumzi. Akasukuma tena, na mara akajiona amesimama, anatazama juu ya cherehani, uzi wake, mkasi wake, dirisha lake. Pumzi aliyoishikilia tangu siku ya kifungo ikamtoka yote. Akatamani kulia, akacheka.

"Haya, karani. Nenda kamwambie mwenye nyumba nabaki."

Binti bado yuko chini. Akajisukuma, akarudi. Akajaribu upande wa pili, akarudi tena. Kiti cha ofisi kilikuwa kimemlea vibaya.

"Mama... nipe mkono."

"Tulisema bila kushikwa."

"Sharti lilikuwa lako, si langu!"

Bibi akatanua miguu, akamshika mikono yote miwili, akamvuta. Binti akaja juu kama ndoo kutoka kisimani, wakaangukiana kifuani, wanacheka hadi mteja mmoja akachungulia mlangoni.

"Mgeni wako naye anafungasha," mama akamwambia, akimfuta vumbi kwenye sketi. "Kesho ukitoka kazini, pitia hapa."

"Kufanya nini?"

"Pasi ninayo moja tu. Tutapokezana."