Kopo Lililoshikilia Mlango

Nilipofika nimelowa chapachapa, mlango wa mdogo wangu ulikuwa wazi, umezuiliwa na kopo ili upepo usiufunge. Yeye alikuwa ameinamia redio yake, ncha ya ulimi nje, kama alivyokuwa utotoni akichonga penseli. Anazungusha kitufe hiki, anazungusha kile, macho kwenye mshale unaopanda na kushuka. Alikuwa anatabasamu.

"Zima!" nikamwambia. "Shemeji yako anasema zima!"

"Ngoja kidogo, dada. Karibu ikae sawa."

Niliung'oa waya ukutani.

Wengi wa siku ile wametangulia, mume wangu akiwa mmoja wao. Alikuwa fundi saa kwa kazi, na kwa mapenzi alikuwa mtu wa redio ya ridhaa, wale wanaozungumza na watu wa mbali kupitia hewani bila mshahara wala shukrani. Leseni yake ilining'inia mahali ambapo wenzetu walitundika picha ya harusi. Tena yeye ndiye aliyewatahini wageni. Kwanza karatasi. Kisha anakukalisha mbele ya redio, anavuta kiti nyuma yako, ananyamaza. Mkono wako ukienda kwenye kitufe cha kusemea kabla sikio halijasikiliza, anasema kwa upole, "Ahsante, tutaonana mwakani." Watu walimwogopa kuliko daktari wa meno.

Lakini wakongwe wa chama chao walikuwa wanapukutika, na vijana hawaji. "Mzee mwenzangu," mwenyekiti alimwambia sebuleni kwangu, "tukingoja wajue kila kitu, tutabaki tunaongea na makaburi." Hakuwa mjinga mwenyekiti yule. Wakaiondoa sehemu ya kiti. Maswali yote yakachapishwa pamoja na majibu yake. Mwenye kukariri akariri, apewe leseni.

Na kwa kukariri, nani angemweza mdogo wangu? Tangu shule tulimwita Kasuku. Wiki nzima alizunguka nyumba akiimba majibu. Nikamtega: "Swali la tisa?"

"Jibu ni C!"

"Linauliza nini?"

"Aa, dada, swali la nini tena na jibu ninalo?"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mume wangu alicheka pia, kisha akatia sahihi kwenye leseni yake.

Akampa na zawadi. Kopo la bati lililokuwa la rangi, amelisafisha, amelijaza mafuta, ndani ameweka kifaa cha kumeza nguvu ya redio, na juu ya mfuniko tundu la kuchomekea waya. "Ukitaka kuirekebisha redio, shemeji, chomeka humu. Nguvu yote itaishia kwenye mafuta. Ukirekebishia hewani, unawapigia watu filimbi masikioni." Kasuku akaitikia ndiyo, ndiyo, hilo limo, hilo nalijua.

Mwaka huo mto ulivunja kingo zake na simu zikakatika. Mume wangu alishinda kwenye redio, akipokea habari na kuwapasia watu wa mashua za uokoaji. Mimi nilikuwa nimeingia na chai yake ya alasiri iliposikika sauti ya mwanamke, nyembamba, kama inatoka chini ya blanketi. Taratibu zao hakuzijua.

"Redio si yangu, ni ya baba, yeye hayupo. Kuna mtu ananisikia?"

"Nakusikia, mama. Niambie uko wapi."

"Tuko juu ya ghala, maji yameshafika kwenye ngazi, nina watoto hapa. Ghala lenyewe liko upande wa..."

Hapo ndipo filimbi ilipoingia. Nene, imenyooka, karibu mno, hata kijiko kikalia ndani ya kikombe. Kwa nguvu ile, mpigaji alikuwa wa mtaani kwetu, na mtaani kwetu redio ya pili ilikuwa moja tu. Anayerusha mawimbi hasikii, hakukuwa na namna ya kumwambia hewani. Mume wangu alinitazama. Nilivua kandambili nikatimua mbio.

Niliporudi alikuwa bado anasema, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto ashuke mtini: "Rudia, mama. Upande gani?" Mkwaruzo tu ulimjibu. Mashua zilizunguka maghala yote mpaka maji yalipopungua. Waliookolewa waliokolewa. Hakuna mwanamke aliyejitokeza akasema ni mimi. Kama alipona, sijui mpaka leo.

Kasuku alikuja akapiga magoti. "Sahihi ni yangu," mume wangu alimwambia, akamwinua, basi. Lakini kila alasiri aliiwasha redio kwenye masafa yale yale, akasikiliza. Alipofariki nikaendelea mimi. Kusema hewani kunataka leseni, kusikiliza hakutaki. Siku za mvua, katikati ya mkwaruzo, huwa nasikia mtu akivuta pumzi, kama anayetaka kutaja mahali. Najua ni hewa tu. Najua, lakini kikombe nakiweka chini polepole.

Kasuku sasa ni mzee, anaishi kwangu. Chumba cha redio hajakikanyaga tangu mafuriko yale. Hukaa barazani, hata mvua ikimrushia.

Juzi juzi mjukuu wangu akaja anarukaruka. "Bibi, nimepata leseni! Mtihani wote nimefanyia kwenye simu. Naomba redio ya babu."

Moyo ulikataa. Niliinama, nikalitoa chini ya meza lile kopo nililolikuta mlangoni kwa Kasuku, nikaliweka mbele yake. "Unalijua hili?"

"Mzigo wa kujaribia," akajibu upesi, kama anaimba. Nikamkumbuka Kasuku na swali lake la tisa. Kisha akalizungusha, akalinusa, sauti ikashuka. "Jina nalijua, bibi. Chenyewe ndiyo kwanza nakiona leo. Kinafanyaje kazi?"

"Mimi ni wa darasa la saba, usiniulize mambo ya umeme. Nilimwona babu yako tu. Waya huu, hapa."

Tulihangaika, tukakosea, tukacheka. Mshale ulipotulia, kopo lilikuwa limepata joto kama chungu kilichotoka kuepuliwa. Akauhamishia waya kwenye antena. Masafa sikumruhusu ayabadili. Nikavuta kiti nyuma yake, nikanyamaza.

Alisikiliza. Kisha akabonyeza: "Kuna mtu anatumia masafa haya?"

Kimya. Kidole chake kikarudi kwenye kitufe, tayari kuanza kuita.

"Uliza tena, mjukuu wangu."

Tuligeuka. Kasuku alikuwa amesimama kizingitini, mguu mmoja ndani, bega lake limeegemea mlango, akiuzuia usijifunge.

Mtoto akauliza tena. Tukasubiri wote watatu, kiganja changu juu ya kopo, mpaka likapoa.