Chuma cha Aida

Mwanamkasi hakwenda Osaka kutembea. Alikwenda kumrudisha mtoto. Mkobani alikuwa na tiketi mbili za kurudi Birmingham, moja yake na moja ya binti yake Aida, na nyumbani Castle Vale mumewe Mwadini alikwisha kukipaka rangi chumba cha binti yao. Mwaka mmoja wa Aida wa kusomesha Kiingereza huko Japani ulikuwa umegeuka mitatu, na wanawake arusini na hitimani walikuwa hawaishi kumuuliza huyo mtoto anarudi lini. Safari hii alitaka kurudi na jibu linalotembea kwa miguu yake.

Ndani ya mkoba huo huo mlikuwa na visheti, tende na kikopo cha achari ya ndimu. Alikuwa ameapa kwamba katika mji wa nguruwe na mvinyo hatatia kitu mdomoni ila alichokitengeneza kwa mkono wake.

Aida alimchukua asubuhi. Treni iliingia dakika ile ile iliyoandikwa ukutani, na Mwanamkasi, aliyekwenda kazini Selly Oak kwa treni miaka kumi na miwili, alitazama saa yake akidhani imekosea. Watu walijipanga kwenye mistari iliyochorwa chini, hapana msukumano wala mtu kupiga kelele kwenye simu. Moyo wake ulipendezwa, akaukemea.

Kwenye ngome ya kale ya mji alikuta mawe makubwa kama vyumba, yamepachikana hata wembe haupiti. Alipoambiwa kwamba ndani mna lifti alicheka, akasema sultani wa humu alikuwa mvivu wa ngazi. Walisali adhuhuri bustanini, chini ya miti iliyogeuka manjano yote. Aida alitandika mswala bila ya kuuliza kibla kiko wapi. Mzee aliyekuwa akifagia majani aliuweka ufagio wake kando, asiuguse mpaka walipotoa salamu.

Sokoni ndipo alipokaribia kusalimu amri. Samaki walilala juu ya barafu, macho maangavu kama wametolewa majini dakika ile, na yeye kwa miaka alikuwa akila samaki wa maboksi. Alisimama mbele ya jodari mzima akamsifu Mungu. Lakini Aida alipomkaribisha samaki wa kuchoma, alitafuna tende.

Jioni walifika kwenye kibanda kando ya mfereji, taa za rangi zikicheza majini. Bibi mfupi mwenye kilemba cheupe alikuwa akigeuza vidonge vya unga kwenye chuma chenye vishimo, kwa kijiti, haraka hata jicho halimfuati. Mwanamkasi akasogea. Vitumbua alivipika tangu hajavunja ungo, na chuma cha vitumbua alikijua. Aida akamwambia ndani yake mna pweza.

Bibi alipomwona Aida aliacha kazi. Aliinama, akatoa chuma kingine kilichofungwa kitambaa safi, na mpini wake umebandikwa karatasi yenye maandishi. Mwanamkasi aliuliza imeandikwa nini.

"Jina langu," alisema Aida.

Akamweleza. Miaka miwili nyuma aliuliza kama chuma kinapakwa mafuta ya nguruwe, akaambiwa ndiyo, akashukuru akaenda zake. Wiki ya pili bibi alimwita kutoka ng'ambo ya njia. Alikuwa amenunua chuma kipya na chupa yake ya mafuta, na mchuzi usio na mvinyo aliuchemsha mwenyewe. Tangu siku hiyo hakijapikiwa chakula cha mtu mwingine.

Ilimuuma Mwanamkasi. Ilimuuma kwamba mwanawe amepata wa kumtunza asiyekuwa yeye, na papo hapo akafurahi. Akala. Pweza alikuwa laini kuliko wake, na hilo nalo lilimuuma kidogo.

"Mama, Baba told me kuhusu tiketi," alisema Aida. Birmingham alikuwa akimjibu kwa Kiingereza kitupu. Huku Osaka alikuwa na hamu ya Kiswahili, akakifanyia bidii. "Ukisema nirudi, nitarudi. I just wanted you to see kwanza."

Mwanamkasi alimaliza vilivyokuwa sahanini. Sahani ya watu kwao hairudishwi tupu, basi aliipangusa, akavimimina visheti vyote juu yake, akamkabidhi bibi kwa mikono miwili. Bibi alitafuna kimoja, akafumba macho.

Siku nne baadaye, uwanja wa ndege wa Birmingham, Mwadini alisimama na koti la Aida mkononi, maana Novemba ile baridi ilikuwa haina huruma. Alimkumbatia mkewe huku akitazama nyuma yake. Abiria wa mwisho walipita, mlango ukajifunga.

"Yuko wapi?"

"Nimemwacha kwao," alisema Mwanamkasi, akalichukua lile koti akalivaa yeye.